Mtumbwi Uliokwisha Kutumika: Uujaribu Majini Kabla ya Kulipa



Mwisho wa mwezi umefika, mshahara umekwisha kuupokea. Rafiki yako wa zamu anakuambia: «Pale Muhanzi kuna mzee anauza mtumbwi wa mtu mmoja. Bei si kali. Utakufaa kwa kuvua siku za mapumziko.» Unafikiri juu ya mboga ya watoto, na siku ya Mungu alasiri unashuka ziwani. Mtumbwi umelazwa kifudifudi juu ya mchanga. Umepakwa gudroni mpya, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mzee anaupiga kofi ubavuni na kusema: «Huu, mwanangu, utakuzika.»

Anataka kusema kwamba mtumbwi utadumu kuliko wewe. Lakini neno lake lina maana mbili, na ni juu yako kuchagua moja kabla hujatoa franka mfukoni.

Sisi watu wa mgodi tuna desturi nzuri. Hakuna mtu anayeingia chini kufanya kazi kabla dari haijagongwa kwa mtarimbo. Jiwe zima hulia kwa sauti kali. Jiwe lililoachana hulia kama ngoma iliyolowa, na hapo kila mtu hurudi nyuma. Basi kwa nini mtu yule yule, akifika ziwani, hununua mtumbwi ambao hajapata kuuona ukiwa ndani ya maji? Ukurasa huu huongea sana juu ya ajali za kazi. Ajali ya siku ya mapumziko haiandikwi katika daftari la kampuni, lakini msiba wake unaingia katika nyumba ile ile.

Mimi niliyeandika maneno haya nilifanya kosa hilo. Mtumbwi wangu wa kwanza niliununua jioni, juu ya nchi kavu, kwa haraka, kwa sababu mnunuzi mwingine alikuwa amesimama pembeni anahesabu pesa zake. Baadaye nilijua kwamba alikuwa shemeji ya muuzaji. Ulikuwa mwezi wa nane, katikati ya kiangazi. Siku ya tatu niliuingiza ziwani asubuhi mapema, upande wa Birava, na upepo ukaamka. Mawimbi hayakuwa makubwa, lakini yalitosha kuukunja mti kidogo, na ufa uliofichwa chini ya gudroni ukafunguka. Sikuogopa sana. Nilijisemea: ni mti, hata ukijaa maji utaelea, nami nitaushika. Haukuelea. Mti ule ulikuwa mzito tangu kuzaliwa kwake, tena ulikuwa umekunywa maji miaka mingi. Ulikwenda chini taratibu, kama ng'ombe anayelala, ukaniacha peke yangu juu. Kilichoniokoa ni bidoni tupu ya kasiksi, ya lita 10, niliyokuwa namrudishia mama mkwe. Niliikumbatia mpaka wavuvi wa sambaza waliokuwa wanarudi na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti wakanipandisha.

Kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo wauzaji hawalipendi.

UKIJAA MAJI, JE, UTABAKI JUU?

Mwambie mzee: «Papa, tuuingize majini.» Akikataa, mwage kwa heshima, urudi nyumbani. Akikubali, utafute mahali penye maji ya kufika magotini au mapajani, pasipo mawimbi. Kisha uujaze mtumbwi maji mpaka kingo. Ndiyo, uujaze kabisa. Watu watacheka, waache wacheke.

Mtumbwi uliojaa maji hauna tena nafasi ya hewa ndani yake. Unashikwa na wepesi wa mti wenyewe tu. Chukua mfano: mti wa mtumbwi una uzito wa kilo 100, na kama ungeuyeyusha na kuumimina ungejaza lita 140. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo maji yanausukuma juu kwa nguvu ya kilo 140, nao unavuta chini kwa kilo 100. Zinabaki kilo 40 za kukusaidia. Hizo hazitoshi wewe kuketi ndani, lakini zinatosha sana kukushika ukiwa umeogelea kando yake, kwa sababu mtu aliye majini anahitaji kilo chache tu ili kichwa chake kikae juu. Lakini kama mti ni mzito, na kilo 100 zinajaza lita 103 tu, zinabaki kilo 3. Ukiuegemea, unashuka nawe.

Basi, mtumbwi ukiwa umejaa, uegemee kwa mikono yako miwili na kifua. Kama kingo zinabaki usawa wa maji au zinatumbukia kidogo na kurudi, mti ni mzuri. Kama unakwenda mpaka chini na kulala kwenye tope, usiununue, hata kama unapewa kwa nusu ya bei. Kama umekwisha kuununua zamani na sasa unasoma habari hii kwa wasiwasi, kuna dawa: ufunge bidoni tupu zilizozibwa vizuri, moja mbele na moja nyuma, kwa kamba ya nguvu. Bidoni ya lita 20 inakupa karibu kilo 20 za kuelea.

Hapa naomba usikie vizuri. Usichukue bidoni au pipa lililotoka kiwandani na dawa za kusafishia mawe. Sianidi na dawa nyingine za namna hiyo haziishi kwa kusuuza mara mbili. Bidoni ya mafuta ya kupikia au ya kasiksi inatosha.

SAUTI YA MTI

Jambo la pili unalijua tayari, ni lile la mtarimbo. Chukua jiwe dogo au mpini wa kisu, ugonge mtumbwi kutoka mbele mpaka nyuma, kila upana wa kiganja. Mti mzima unajibu kwa sauti moja. Mahali ulipooza sauti inakufa. Weka alama ya mkaa kila mahali pa namna hiyo, kisha urudi na ncha ya kisu. Katika mti mzima ncha inagoma; katika mti uliooza inaingia kama katika ndizi. Utazame sana sehemu tatu: mbele na nyuma, kwa sababu hapo nyuzi za mti zimekatwa na maji yanaingia kwa urahisi, chini ya tumbo, panapokokotwa juu ya mawe kila siku, na mahali maji ya mvua yanapotuama mtumbwi ukiwa pwani.

Nyufa ndogo za juu juu si neno. Jua linazileta, maji yanazifunga. Ufa wa kuogopwa ni ule unaopita mti wote, ndani na nje. Ingia chini ya mtumbwi ulioinuliwa kuelekea jua, na mwenzako afunike kingo kwa blanketi au turubai: ukiona nuru, umeuona ufa. Viraka vya bati na misumari si aibu. Mtumbwi mzee usio na kiraka ni kama mchimbaji mzee asiye na kovu. Lakini omba kiraka kimoja kifunguliwe, kile kikubwa, uone kilichomo chini yake. Na gudroni mpya? Mtu mwema hupaka gudroni ili kuzuia maji, mtu mwingine hupaka ili kuzuia macho. Huwezi kujua ni nani uliye naye. Kwaruza.

Unene wa chini waweza kuupima bila kutoboa. Weka mtumbwi juu ya ardhi iliyo sawa, ulaze fimbo iliyonyooka juu ya kingo mbili. Pima kutoka fimbo mpaka chini kwa nje, halafu kutoka fimbo mpaka chini kwa ndani. Tofauti ndiyo unene. Kwa mto wenye mawe mimi sikubali chini ya sentimita 4 tumboni. Kwa ziwa lenye pwani ya mchanga unaweza kukubali 3. Pima mahali pengi, kwa sababu shoka la fundi halikuwa na rula.

NI MAJI GANI UTAKAYOVUA?

Wengi wetu tuna familia Bukavu na kazi mbali: Kamituga, Mwenga, Shabunda. Hapo ndipo watu wanakosea. Wanaona mtumbwi mzuri hapa ziwani, wanaupakia juu ya lori ili wakavue katika Elila au Ulindi. Mtumbwi unakauka jua lote la safari, unagongwa na mizigo, unafika umepasuka. Tena umbo lake si la kule. Mtumbwi wa ziwa ni mrefu, unapenda kwenda moja kwa moja, na kingo zake ziko juu kwa ajili ya mawimbi. Mto unataka mtumbwi mfupi, wenye tumbo pana kidogo na ncha zilizoinuka, unaogeuka upesi jiwe linapotokea mbele. Wanaokaa kando ya mto wanajua umbo gani mto wao unataka. Ununue kwao.

Mito hiyo, inayotoka milima ya Itombwe na kushuka kuelekea Lualaba, ina ujanja mwingine: inaweza kujaa bila mvua kunyesha mahali ulipo. Mvua imenyesha juu mlimani usiku, wewe umelala kwa amani, asubuhi maji ni mekundu na yanabeba magogo. Siku hiyo hakuna mtumbwi mzuri, wa zamani wala mpya. Katika mito ya dhahabu, watu wanapotumia zebaki kukusanya vumbi la dhahabu, samaki wa chini ya machimbo hubeba sumu hiyo, na samaki wakubwa wanaokula wenzao ndio wanaobeba nyingi zaidi. Mama mwenye mimba asilishwe hao. Vua juu ya machimbo. Na yule anayefikiri kupeleka baruti ya mgodi mtoni ili avue kwa dakika moja: ndugu, tumekwisha kuzika vidole vya kutosha.

Sasa Ruzizi. Mto huu unatoka ziwani hapa hapa Bukavu, na watu wanaouangalia kutoka darajani wanauona umetulia. Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya bahari; Tanganyika, mto unakoishia, iko kama mita 770. Maana yake mto unashuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko huku juu, kabla ya Kamanyola. Ndiyo sababu mabwawa ya umeme yalijengwa huku: Ruzizi ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ya pili mwaka 1989. Mtu aliye peke yake, mwenye kafi moja, asikaribie mahali ziwa linapoanza kuvuta kuelekea mtoni. Utafikiri unaelea tu, kumbe unakwenda. Kule chini katika tambarare maji ni mapole zaidi, lakini kuna viboko na mamba, na mtumbwi wa mtu mmoja ni mdogo kuliko kiboko.

Watu wengine huniuliza juu ya gesi ya Ziwa Kivu. Ni kweli ipo, nyingi, kaboni na metani, lakini imefungwa chini sana, katika ziwa lenye kina cha mita 485. Mvuvi wa mtumbwi anauawa na maji ya juu, yale ya mita mbili za kwanza.

KETI NDANI YAKE

Baada ya kuujaza na kuumwaga, uuache mtupu majini, usiuguse. Je, unakaa sawa, au unalala upande mmoja kama mlevi? Mtumbwi uliopinda tangu mti haunyooki. Muuzaji atakuambia uweke jiwe upande wa pili. Jiwe hilo ndilo litakalohama siku ya mawimbi.

Halafu ingia, uketi chini kabisa, si juu ya ubao. Acha mwenzako asimame karibu majini. Pima kwa viganja kutoka maji mpaka ukingo. Mimi nataka viganja viwili vilivyolazwa, kimoja juu ya kingine. Sasa kumbuka kwamba huyo ni wewe mtupu, bila samaki, bila wavu. Kwa mtumbwi wa mtu mmoja wa kawaida, sehemu inayokata maji ina ukubwa kama wa meza ya mita moja kwa mita moja. Kila kilo 10 unazoongeza zinaushusha sentimita moja. Wavu uliolowa, samaki, bidoni, koti: kilo 30 zinapatikana bila wewe kujua, na kiganja cha kwanza kimekwisha kuliwa nusu. Tikisa mwili kushoto na kulia, taratibu, kisha kwa nguvu zaidi. Mtumbwi mwema unainama, halafu unakataa. Mbaya unainama, unafikiri, unaendelea. Ukikupindua katika maji ya mapajani, umepoteza shati kavu tu.

Kaa hivyo muda wa kuvuta sigara mbili (hata kama huvuti, na daktari anakusifu). Tazama chini. Maji machache yanayotoka jasho kwenye ufa yanaweza kuzibwa. Yakifika kwenye vifundo vya miguu kabla hujamaliza kuongea bei, mazungumzo yamekwisha.

Jaribio la mwisho: uukokote mwenyewe kutoka majini. Mtumbwi ambao huwezi kuupandisha peke yako utauacha majini usiku, na asubuhi utaukuta kwa mtu mwingine.

MANENO NA MUUZAJI

Muulize kwa nini anauza. Jibu zuri ni la kawaida: amezeeka, amepata kazi mjini, anataka pesa za shule. Jibu baya ni lile linalobadilika unapouliza mara ya pili. Mitumbwi ya wizi ipo, na mwenyewe ataitambua kwa alama ya shoka lake hata ukiipaka rangi ya bendera. Kwa hiyo umwite mkubwa wa wavuvi wa pwani hiyo asimame kama shahidi, na karatasi iandikwe, hata kama ni ya daftari la mtoto. Kama muuzaji ni mjane, muulize kwa upole kama ajali ilitokea kwa mtumbwi huo, kisha usimpunguzie bei. Nimewaona wanaume wenye mshahara wakibishana na mjane juu ya franka za sabuni.

Usitumie pesa zote kwa mtumbwi. Acha za vitu vinne: kafi mbili (kafi nzuri, ukiisimamisha, inafika kidevuni), kopo kubwa la kutolea maji lililofungwa kwa kamba, na jaketi la kuelea. Hili la mwisho watu hulionea haya, eti pwani iko karibu. Mwezi wa kumi mwaka 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku pale Goma, na waliokuwa wanaingojea nchi kavu waliiona ikizama. Kama jaketi haiwezekani mwezi huu, bidoni ya lita 10 iliyofungwa kamba fupi, mahali mkono wako unapofika, ni bora kuliko kuahirisha.

Usivae viatu vya mgodi ndani ya mtumbwi. Havitakuvuta chini kama jiwe, lakini havitakuacha upige miguu. Vua ukiwa umeketi, usisimame kutupa wavu. Mtoni, kamba ya nanga ifungwe mbele au nyuma, kamwe si ubavuni, kwa sababu maji yatauchukua ubavu huo na kuupindua. Na kabla ya kuondoka, mwambie mama wa nyumbani upande gani unaokwenda na saa ya kurudi, na uulize kwanza pwani kama ni ruhusa kuwa majini saa hiyo.

Ukiufikisha nyumbani, usiuache juani. Wavuvi wazee huuzamisha mtumbwi kwa mawe kivulini, penye maji machache, ili mti usikauke na kupasuka. Asubuhi wanatoa mawe, wanamwaga maji, wanakwenda. Hakikisha unakumbuka ulipouzamisha, na kamba unayoufungia isiwe ile iliyooza ambayo muuzaji alikupa bure.